Waraka wa Maneno Kumi na Moja

Taasisi Kuu ya Usikilizaji, Buenos Aires, ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la waganga wa nafsi kusemasema limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kwa mujibu wa Waraka Namba 46, uliotiwa saini na Mwenyekiti, Daktari Ezequiel Bertolazzi, mwanagenzi hatatamka zaidi ya maneno kumi na moja katika kikao na mgonjwa. "Ehe" ni nusu neno. Kuguna ni bure, mradi usigune kwa hisia. Aidha, kikao cha aina yoyote kikifika dakika hamsini kimekwisha, na shauri lisiloamuliwa ndani yake limefutwa.

Nélida Kaplun aliuona waraka huo ni wa busara. Mwanagenzi asiyeona busara ya waraka hupelekwa kuchunguzwa ana ugomvi gani na baba yake. Miaka mitatu alikuwa akilala kwenye kochi la mtaalamu wake ili naye achunguzwe nafsi, kama inavyotakiwa, na kila kikao na mgonjwa alikiandika neno kwa neno akampelekea msimamizi wake. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mmoja tu, Don Rufino, fundi wa lifti mstaafu. Saa mia pamoja naye, cheti. Saa moja ikifutwa, mzee angepewa mtu mwingine, na Nélida angeanza moja na mgonjwa mpya.

Saa ya tisini na nane, Don Rufino alilala kochini, akasimulia asubuhi yake. Alikuwa ametengeneza chai ya majani ya mate, ile inayonywewa kwa zamu katika kibuyu kimoja. Akanywa zamu yake, akajaza tena maji ya moto, akanyoosha mkono kumpa mkewe. Mkewe alikuwa amezikwa tangu Machi.

"Nikabaki nimenyoosha mkono," alisema. "Kama mjinga."

Nélida alikuwa na maneno tisa ya akiba. Angeweza kuuliza kama mzee anamwona yeye ndiye mke aliyemtoroka, swali ambalo lingempendeza sana msimamizi. Badala yake akasema, "Pole sana, Don Rufino."

Akaliandika na hilo, maana alikuwa mkweli kupita kiasi. Msimamizi alisoma, akashika simu. Neno "pole" limo katika Kiambatisho C cha waraka, Maneno ya Jirani, yaliyopigwa marufuku, pamoja na "jikaze" na "umekula?"

Kamati ikaketi kuamua kama saa hiyo ifutwe: Mwenyekiti, msimamizi, na Bi Ofelia, katibu, ambaye huandika kila kinachosemwa.

"Binti," Mwenyekiti alianza, "hebu tueleze. Kwa nini ulisema pole?"

Nélida alikuwa na utetezi mrefu, lakini woga uliufuta wote. Akafanya jambo pekee alilofundishwa pale kwa miaka mitatu. Akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akanyamaza.

Mwenyekiti naye akanyamaza, kwa uzoefu wa miaka thelathini. Msimamizi akakagua kucha. Dakika ya kumi na mbili Mwenyekiti alisema kuna watu wanamkaidi. Dakika ya ishirini alisema wanawake wote humkaidi. Ya thelathini alikuwa ameshafika kwa mama yake, aliyekuwa akimpakulia nyoki, vile vidonge vya viazi, kila tarehe ishirini na tisa bila kumsemesha.

"Alikufa Mei," alisema. "Sikwenda kumzika. Nilikuwa na mkutano wa kuandaa huu waraka."

Akalia, mtu mzima, kwa kwikwi. Akamgeukia msimamizi, akamgeukia Nélida.

"Jamani, hamna hata wa kuniambia pole?"

Msimamizi akatazama dari. Bi Ofelia akaandika, kisha akauliza, "Neno la Kiambatisho C limetamkwa na Mwenyekiti. Niweke kuwa ni kosa la kwanza, Daktari?"

Pole ilimfika Nélida kooni, maana alimhurumia kweli. Lakini alikuwa chini ya waraka, na aliyeuandika ndiye huyo aliyekuwa akilia. Akatazama saa ya ukutani: dakika ya hamsini.

"Muda wetu umekwisha," alisema. Maneno matatu.

Shauri likawa limefutwa, na saa ya tisini na nane ikabaki palepale. Mwenyekiti alijipangusa pua, akakusanya karatasi zake polepole, akasita mlangoni.

"Alhamisi una nafasi?"

"Alhamisi ni ya Don Rufino," Nélida alimjibu. "Jiandikishe kwa Bi Ofelia, Daktari. Kuna foleni."