Kocha, Punguza Mbio, Mwenzio Ana Mtoto Mchanga

Ndugu Kocha Mkuu, ambaye kabla ya kununua filimbi ulikuwa mwanangu,

Salamu zitakuja mwisho, kama zitabaki. Miezi miwili hujakanyaga kizingiti hiki. Kila Jumatatu unautupa mfuko wa vizibao vya mazoezi barazani kama mtu anayelisha paka wa jirani, unapiga honi, unatokomea. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili, leo nakujua kwa honi. Haya, kwa kuwa ofisi yako haina mlango wa mama, nakuandikia kama mwananchi. Anayeshika kalamu ni mpwa wako, huku ananyonyesha. Ukiona doa, ni maziwa.

Ninayemlilia ni mume wake, muoka mikate, beki wako wa kushoto. Miaka tisa wamemngoja mtoto. Kaja, ana wiki tano, kazaliwa mdogo kama kiatu, na muuguzi kasema mwenye mafua asimsogelee. Basi baba mtu tangu siku hiyo hajamaliza siku nne bila mafua! Amembeba mwanawe mara mbili tu. Siku nyingine anasimama nje ya dirisha langu, unga kwenye nyusi, anampungia mkono. Mtoto anadhani baba ni picha ya ukutani. Anayemtia mafua ni wewe, na sababu ni hizi:

1. Mnakimbia kama mmeiba. Hao ni wanaume wenye vitambi na madeni ya usingizi, wametoka kazini, wewe unawapandisha kilima mara kumi na mbili huku unatazama saa. Nilimuuliza muuguzi. Akasema mazoezi ya kiasi huujenga mwili, ila ya kujiua huenda yakauacha umechoka hata kujilinda, ingawa wataalamu wenyewe bado wanabishana. Mimi sibishani. Mlinzi ukimkimbiza kutwa, mwizi akija atamtazama tu anavyopita.

2. Chupa ya maji ni moja, midomo kumi na sita. Hata mbuzi wangekataa.

3. Vizibao. Anayetoka anamvulia anayeingia, kimelowa, bado cha moto. Mimi mfuaji wenu nawajua wote kwa mapindo. Fundi cherehani anapenga upande wa kulia. Kinyozi hapengi, anapangusa. Pindo haliongopi.

4. Bao likiingia mnalaliana kama magunia ghalani. La wiki jana mwamuzi alilikataa, nyie bado mmerundikana. Mafua ya bure kabisa.

6. La tano mpwa wako kakataa kuliandika, linahusu mate. La sita ni kwamba mgonjwa akikosa mazoezi unamwita mzembe mbele ya wenzake. Ndiyo maana muoka mikate anakuja na homa yake, anawagawia, wiki inayofuata mnamrudishia. Kutunzana ni vizuri, lakini si kwa mafua.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote za kimichezo, mambo yafuatayo. Kila mchezaji akimbie huku anasimulia habari za mkwewe; akishindwa kumaliza sentensi, atembee. Kila mtu na chupa yake. Mfungaji apongezwe kwa kupungiwa mkono kutoka hatua kumi. Mwenye mafua akae nyumbani, na mpira alioupiga kichwa ukae naye, wapone pamoja. Na ikiwezekana wapinzani wabaki kwao, mtumiane matokeo kwa simu. Sare ya bila kwa bila haijawahi kumwambukiza mtu.

Najua utanijibu kwamba mbio hizo ndizo zilizowapa ushindi wa mechi tano mfululizo. Mwanangu, ushindi haubebi mtoto.

Msalimie mkeo na wanao, kinyozi, fundi cherehani, na golikipa wako. Mwambie goti lake naliombea, mikono yake nimeshindwa. Nawapenda wote, wapumbavu wangu.

Ni mimi niliyekufundisha kutembea kabla hujaanza kukimbiza watu,
Mama yako, Mfuaji wa Timu.

Nyongeza: Mpwa wako kaenda kumbadilisha mtoto nepi, haya nayakwangua mwenyewe, kalamu nimeishika kama mwiko. Usimsomee mtu. Vile vizibao sijavifua tangu mlipoifunga timu ya mafundi magari. Wiki ile nilisahau tu, mkavivaa hivyo hivyo mazoezini, mkashinda tatu bila. Nikajisemea, bahati haifuliwi. Tangu hapo navianika juani, navinyunyizia poda ya mtoto, nakurudishia. Mechi tano, ushindi tano! Sasa kama ni kilima chako au ni mimi, usimuulize muuguzi. Lakini jana nilimwona muoka mikate dirishani akikinusa kizibao chake kabla ya kukivaa, eti kina harufu ya mwanawe. Nimeshindwa kula.

Jumamosi njoo, ila usipige honi. Ingia ndani, uje na miche miwili ya sabuni. Mimi nitafua, wewe utakamua, na Jumapili mkifungwa mfungwe. Kisha vua viatu, nawa mpaka viwikoni, na kama hupigi chafya, umpakate mtoto.