Kelele ya Upande wa Pili

Jumanne, 11 Juni 1974

Siku nne tu! Jumamosi saa nane mchana, katika baa ya Mama Monique pale Kansanga, bendi ya Hippolyte itapiga tamasha zima la Radi Tatu, wimbo kwa wimbo, kama lilivyo kwenye santuri. Mchana kweupe, maana siku hizi hakuna anayetaka kukutana na kizuizi cha barabarani jua likishazama. Radi Tatu ni bendi ya Waingereza. Hippolyte ni Mkongo wa Butembo, na vidole vyake akivisahau kidogo vinarudi kwenye rumba. Si neno.

Santuri ni yangu. Yaani, aliniachia jirani yangu Mhindi mwaka juzi, siku alipoondoka na sanduku moja, akaniomba nimtunzie. Hakuna nyingine Kampala. Fabiano, mwalimu wa Kiingereza, anadai anayo yake nyumbani ila hana gramafoni. Nani hununua santuri bila gramafoni? Mwongo mkubwa.

Ninachokitaka ni ile kelele. Upande wa pili, kabla ya wimbo wa mwisho, mwimbaji anaongea, anaongea, mpaka mtu mmoja katika umati anapaza sauti: shuka, muda wako umekwisha! Watu wanacheka. Mwimbaji naye anacheka, anasema atashuka, lakini kwanza wimbo mmoja. Halafu gita. Ya Rabi! Mtu yule hana jina wala sura, na dunia nzima imemsikia. Jumamosi mtu huyo niwe mimi, Tajudin, muuza vitambaa wa Nakasero.

Jumatano, 12 Juni

Kikao cha mashabiki, nyuma ya duka. Tumepanga makofi yote: wapi mafupi, wapi marefu, wapi mluzi. Phelister, muuguzi, amepewa ule ukelele wa mwanamke kwenye wimbo wa pili. Kelele kubwa kapewa Fabiano! Amesema Kiingereza changu ni cha mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni. Kura tisa kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu.

Nimempongeza. Nimempa na mkono. Ngoja.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefanya. Sindano ya mke wangu Hajara, mkwaruzo mmoja, mahali penyewe hasa. Jioni bendi ilifanya mazoezi na santuri yangu, Fabiano amekaa tayari kupima muda wa kelele yake. Mwimbaji anaongea, anaongea, krr! Gita. Kelele haipo! Fabiano alibaki mdomo wazi. Watu wote wakanipa pole kwa santuri yangu kuharibika, nami nikatoa sura ya mfiwa.

Nikimkumbuka jirani yangu na lile ombi lake, najisikia vibaya. Nimejisikia vibaya kama nusu saa.

Mpango wenyewe ni huu. Fabiano hakuupima muda wa kelele, kwa hiyo sasa atasita. Mimi nitamtangulia, na nitapaza kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha bibi zangu, wala hakuna mwalimu atakayenisahihisha.

Jumamosi, 15 Juni, saa kumi na mbili jioni

Niandike kwa utaratibu.

Watu mia mbili. Kapteni aliyetupa kibali alikaa mbele kabisa na bia yake. Na Hippolyte alipiga! Wallahi alipiga! Watu walifumba macho. Makofi yalikuja pale pale yanapokuja kwenye santuri, utadhani tumezaliwa nayo. Phelister alitoa ukelele wake, kisha akalia machozi kweli. Aliniambia kwa saa nzima amesahau huu ni mwaka gani. Sote tulisahau. Kosa lilianzia hapo.

Kabla ya wimbo wa mwisho nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia mwanamume anaongea jukwaani. Anaongea, anaongea. Nikawaza, Hippolyte leo amejua kuiga. Nikamsikia Fabiano ubavuni anavuta pumzi. Nikamtangulia, kwa nguvu zangu zote: "Shuka! Muda wako umekwisha!"

Nikafumbua macho. Aliyekuwa kwenye maikrofoni ni Kapteni. Alipanda kutusalimu.

Nilisikia friji ya Mama Monique inanguruma. Na nimesema kwa Kiswahili, lugha ya askari, lugha ambayo mjini hapa ukiisikia kwa sauti kubwa unatazama mlango uko wapi.

Ndipo Fabiano akacheka. Si kicheko chake. Kilikuwa kile cha kwenye santuri, kirefu, cha kupanda na kushuka. Phelister akafuata, kisha ukumbi mzima, watu mia mbili wakicheka bila furaha hata tone. Hippolyte akaisogelea maikrofoni, jasho linamtiririka, akasema atashuka, lakini kwanza wimbo mmoja. Akapiga gita. Kapteni akabaki jukwaani wimbo mzima, kasimama kati ya ngoma na spika.

Ulipokwisha akauliza polepole: "Nani nasema mimi nashuka?"

Nikainua mkono. Miguu haikuniuliza, ikanipeleka mbele. Hippolyte akasema, "Mukubwa, ile maneno iko ndani ya santuri. Siye tunafwata tu." Kapteni akanitazama kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Jumatatu saa tatu, leta hiyo santuri ofisi yangu, Nakasero. Kama naikuta hiyo maneno, sawa. Kama hapana..."

Hakumaliza. Hakuna haja ya kumaliza.

Jumapili, 16 Juni

Neno pekee linaloweza kuniokoa nimelikwaruza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimemwambia Hajara yote. Hakunigombeza. Amekunja shati safi na sweta, akaweka kwenye mfuko, kama wanavyofanya wake wa watu wanaoitwa kwenye ofisi zile, ambako wengi hawarudi. Afadhali angenigombeza. Ninaogopa. Ninaogopa sana.

Nikaenda Bwaise kwa Fabiano, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nikaungama: sindano, mkwaruzo, kila kitu. Akainua godoro, akatoa kitu kilichofungwa kwenye shuka. Santuri! Ile ile, haina hata vumbi. Gramafoni ilikuwa ya kaka yake, amesema. Mwaka jana walikuja kumchukua, wakaichukua na gramafoni. Santuri ilikuwa imeazimwa na rafiki, ndiyo maana ikabaki. Hajaisikiliza tangu siku hiyo. Kwenye mazoezi alitaka kuisikia ile kelele kwa sababu kaka yake alikuwa akiipaza kila Jumapili akinyoa ndevu.

Mimi nilikaa pale nikalia. Yeye hakulia. Alisema tu, akiniita bwana kwa Kiganda, "Kesho tutaenda wote, ssebo. Kiingereza chako kitakuua kabla ya Kapteni."

Jumatatu, 17 Juni

Niko hai. Niandike tena: niko hai!

Hippolyte alibeba gramafoni yake. Fabiano alitafsiri neno kwa neno, amesimama wima kama yuko mbele ya darasa. Kapteni aliirudisha kelele mara tatu. Mara ya tatu akacheka. Kisha akauliza, yule mtu aliyepaza sauti, walimfunga miaka mingapi? Fabiano akajibu kwamba hawakumfunga. Alikaa tu akaendelea kusikiliza muziki. Kapteni alichungulia dirishani muda mrefu, sisi tukihesabu vifungo vya shati lake.

Mwishowe akasema ni tamasha zuri na lirudiwe Jumamosi. Ataleta maofisa wenzake, safu mbili za mbele.

Nje, tulikaa na Fabiano ukingoni mwa barabara. Nilimnunulia ndizi. Sina ndugu kama huyu mtu, na nimemwambia hivyo.

Jumatano, 19 Juni

Kikao. Fabiano ameomba jambo moja tu: Jumamosi pale mahali pa kelele, asipaze mtu yeyote. Bendi inyamaze kidogo, watu wanyamaze, kisha gita. Amesema itakuwa kwa ajili ya kaka yake. Hakuna aliyebisha. Phelister aliinamisha kichwa. Mimi niliinua mkono wa kwanza kukubali, nikaapa mbele ya wote, na niliapa kwa moyo mweupe.

Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikifikiria kimya hicho. Ukumbi mzima, watu mia mbili, maofisa safu mbili, hata Mama Monique kazima friji. Mtu akipaza sauti hapo atasikika mpaka Ggaba, kule ziwani! Fabiano mwenyewe, nadhani, baadaye atanishukuru.

Nimemwomba Hajara anichemshie tangawizi na asali. Ameuliza ninaumwa nini. Nimemwambia ni koo tu.