Shafti ya Bi Noeli Imekataa Kuchakaa

Flores da Cunha, 9 Machi

Kwa Mhandisi Tarciso Spessatto,
Msimamizi wa Tanuru la Plasma.

Ndugu Mhandisi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na tanuru lako. Mimi ni Alcides Zandonai, fundi wa kukereza vyuma, mgane, mwenye miaka sitini na minane na hasira mpya kabisa. Nakuomba kwa heshima zote uache kazi yako, kwa sababu unaifanya vizuri mno.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka kumi na mmoja, kila msimu wa zabibu, shafti ya mashine ya kusagia zabibu ya Bi Noeli Bertoldi ilikuwa inalika. Ikilika, Bi Noeli, ambaye ni mjane, huileta karakanani kwangu. Nami huikereza polepole, siku tatu kwa kazi ya saa mbili, huku tukipokezana kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani. Kwetu mtu akirudisha kibuyu na kusema asante, maana yake ametosheka, asimiminiwe tena. Katika miaka yote hiyo Bi Noeli hajawahi kuniambia asante. Nadhani unanielewa.

2. Mwaka juzi shafti hiyo ikaletwa kwako. Ukaifungia ndani ya tanuru lisilo na hewa, ukaingiza naitrojeni, ukaipiga umeme saa ishirini nzima mpaka ikavaa mwanga wa zambarau. Ikatoka ya kijivu, na ngozi ngumu kama roho ya mkwe wangu. Misimu miwili imepita, haijalika hata kidogo. Na Bi Noeli hajaja.

3. Januari nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kukagua mashine. Alipoingia jikoni kunitolea grostoli, yale maandazi yetu membamba, nikachomoa tupa mfukoni, nikaisugua shafti kwa nguvu zangu zote. Shafti haikupata hata mkwaruzo. Tupa ndiyo iliyopata upara. Tupa ya marehemu baba, Mhandisi!

4. Februari nikarudi na ndoo ya mchanga wa mtoni. Sitaeleza zaidi, ila mashine iliula wote, na ingekuwa na mdomo ingeomba ndoo ya pili. Bi Noeli akatokea. "Mzee Alcides, hiyo ndoo ya nini?" Nikamjibu, "Mazoezi tu, Bi Noeli. Daktari kaniambia nibebe vitu vizito." Akanitazama kwa huruma. Mimi sitaki huruma, nataka shafti mbovu.

5. Nikaja kiwandani kukugombeza ana kwa ana. Hukuwepo. Vijana wako wakanionyesha kidirisha cha tanuru, nikachungulia. Nakiri, ule mwanga unavyozikumbatia gia, jino kwa jino, ni jambo la kupendeza. Nilisimama pale mpaka chai yangu ya mate ikapoa kibuyuni, nikasahau kugombana. Hilo nalo ni kosa lako.

Kwa hiyo naomba shafti zote za wajane zichomwe nusu ya muda. Ukishindwa, ile ya Bi Noeli irudishiwe ulaini wake. Ukishindwa hilo pia, manispaa itangaze siku moja kila mwaka ambayo kila kitu lazima kiharibike. Karakana imekuwa kimya, Mhandisi. Nimemkumbuka mno.

Wasalimie vijana wako, mama watoto, na yule paka anayelala juu ya pampu.

Wako katika uchakavu,
Alcides Zandonai

Tanbihi: Barua ilikuwa bado mezani alipoingia Bi Noeli, mikono mitupu, hana shafti wala nati. Kaisoma yote kwa sauti, akicheka mpaka akashikilia meza. "We mzee! Mchanga ule unadhani nani aliuosha? Shafti niliipeleka mimi mwenyewe ikachomwe! Nilichoka kuja kwako na chuma mkononi kama mteja. Misimu miwili nakungoja uje, unaniletea ndoo!"

Basi yote niliyoomba yafute. Kesho nakuletea shafti ya pikapu yangu. Kwa Bi Noeli ni kilomita kumi na nne, mlima mtupu, na nimeambiwa nifike kila siku. Ichome saa ishirini, na kama nafasi ipo, arobaini.