Mliaji wa Songo

Jumatatu, 27 Aprili 1964

Uamuzi umefanyika. Nitatunga tamthilia ya kutisha, ya kwanza katika Uvira nzima! Kisa: mwanamke aliyewazamisha watoto wake, akafa, na sasa mzuka wake unatembea ukingoni mwa maji ukiwalilia. Ni hadithi ya Meksiko. Padri mmoja aliyewahi kufundisha huko alitusimulia chuoni Bukavu, na usiku ule bweni zima halikuthubutu kwenda msalani. Hata hivyo, tamthilia yangu ni ya asili kabisa. Kule ulikuwa mto. Kwangu ni ziwa.

Lengo, na niliandike bila kuficha: Bwana msimamizi wa wilaya ahudhurie, anipendekeze, nami nikasome Ubelgiji. Wengine wakiendelea kuzungumza habari za vita vya waasi huko tambarare, mimi nitakuwa ndani ya ndege.

Kizuizi: Octave, karani wa posta na kiongozi wa kwaya. Ameomba ukumbi wa parokia kwa Jumapili ileile niliyoichagua mimi, 10 Mei. Tumelazimishwa kugawana. Kwaya kwanza, mzuka baadaye. Aibu!

Jumatano, 29 Aprili

Florentine, mwigizaji niliyemteua, analia kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu. Nimemwondoa.

Jirani yangu Anne-Marie amenielekeza kwa Mama Ernestine, mjane wa mtaa wa Songo anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Ameniarifu pia kwamba wanawe wawili wameuawa karibu na Sange, upande wa waasi. Askari walikwisha kupita mitaani wakitangaza: anayemlilia mwasi ni mwasi, na nyumba yake itachomwa. Kwa hiyo mama huyo anaanika samaki wake kimya, macho makavu, wala hakuna matanga. Ni jambo la kusikitisha. Halihusiani na tamthilia.

Nimemkuta akigeuza ndagala juani. Nikamweleza dhamira, maudhui na umuhimu wa sanaa kwa taifa changa. Akaniuliza kama mu hiyo teatre yangu muntu analiaka kwa nguvu. Nikamhakikishia: kwa nguvu zote! Akauliza kama basoda, yaani askari, hawatasema kitu. Nikamwonyesha kibali chenye muhuri wa msimamizi. Akakitazama sana, ingawa hajui kusoma. Kisha akasema: “Basi miye nitakuja, mwana.”

Hakuuliza hata malipo. Mapenzi ya sanaa ya namna hii ni adimu.

Jumamosi, 2 Mei

Zoezi la kwanza, uani kwake. Maneno niliyomwandikia ni haya: “Ole wangu, enyi wanangu, mawimbi yamewameza!” Nilikesha nikiyachonga. Yeye amesimama, ameweka mikono kichwani, na amepiga ukelele uliowafanya kuku waruke ukuta. “Kizito! Venant! Batoto yangu, nani alifunga macho yenu?”

Nimemsimamisha. Katika maandishi yangu watoto hawana majina, na habari ya macho haimo. Ameomba radhi kwa adabu. Amerudia vilevile.

Kisha wakaingia majirani! Mmoja ana kuni, mwingine unga, wengine mikeka. Desturi naijua: Songo, anayesikia kilio akabaki nyumbani kwake si mtu. Basi wamedanganyika! Uhalisia wangu umewadanganya wazaliwa wa hapahapa! Nimewaeleza kwa upole kwamba hakuna msiba, ni zoezi tu. Anne-Marie ametandika mkeka akaketi. “Tunajua, mwalimu. Weye endelea.”

Wamekaa hadi jioni. Hakuna aliyetoa maoni juu ya mtiririko wa kisa. Nilipopendekeza unga ugawiwe waigizaji, nimetazamwa kama nzi ndani ya mchuzi.

Jumanne, 5 Mei

Wanawake wengine wanataka kuwa mizuka. Mmoja ana mume ambaye hakurudi kutoka shamba la mpunga. Mwingine ana kaka. Meksiko ina mzuka mmoja tu. Nimewakatalia. Wamelia hata hivyo, na wameharibu sehemu ya pili yote.

Octave amekuja kupeleleza. Amevua kofia, ameketi na wanaume kwenye moto, ameinamisha kichwa. Unafiki! Baadaye amenivuta pembeni akaniuliza kama ninaelewa ninachokifanya. Nimemkumbusha kwamba nilihitimu kwa sifa. Akasema kapiteni wa askari atakuwepo Jumapili. Kapiteni akitambua majina yale ni ya nani, mama yule amekwisha. Akaniomba kitu kimoja: siku hiyo nifunge mdomo.

Mtunzi afunge mdomo siku ya tamthilia yake! Wivu una sura nyingi.

Jumapili, 10 Mei

Maangamizi.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msimamizi na kapiteni, mstari wa mbele. Mama Ernestine ametoka ndani ya shuka nyeupe na kuwaita Kizito na Venant mpaka ukumbi wote ukalia naye. Sijapata kusikia kitu kama kile. Hata mimi jasho lilinitoka. Ghafla kapiteni amesimama, mkono kwenye bastola. Anauliza Kizito ni nani.

Mama Ernestine amebaki mikono kichwani, hatingishiki.

Nani afafanue uhalisia, kama si mtunzi? Nimeinuka, nimerekebisha tai: “Mheshimiwa Kapiteni, majina haya, kwa hakika, ni ya...” Octave akainua mkono na kwaya nzima ikalipuka sikioni mwangu na wimbo wa Bikira Maria! Sauti zote nne! Huku watu wanapiga kelele: “Iko teatre, kapiteni! Iko mambo ya Meksiko!” Kapiteni akacheka. Akaketi. Msimamizi amempongeza Octave kwa kwaya.

Kwa kwaya!

Mama Ernestine ameikunja shuka vizuri, amenirudishia kwa mikono miwili. “Aksanti, mwana. Sasa batoto yangu nimebalilia.” Nimemwuliza tarehe ya onyesho la pili. Amesema hakuna. Wanawake wameondoka naye kwenda kunawa ziwani, kama watu wanaomaliza matanga, wakaniacha nibebe mapambo peke yangu. Kipaji bila nidhamu ni hasara.

Jumatatu, 18 Mei

Waasi wameushika mji. Msimamizi amevuka kwenda Bujumbura kwa mtumbwi bila kunipendekeza.

Wanawatafuta makarani, wenye tai, wenye diplome. Jumamosi walimtoa Octave posta wakampiga risasi ufukweni. Mungu amrehemu, sauti ya tatu ya kwaya yake ilikuwa dhaifu. Tangazo jipya limepita: anayemlilia karani ni karani. Mkewe Sabine ameketi mlangoni na kitambaa kinywani. Hatoi sauti.

Anne-Marie ameingia kwangu mbio. Nichome diplome, nivue viatu! Mama Ernestine amenitumia ujumbe: yeye sasa ni mama wa mashujaa, hakuna atakayegusa nyumba yake, nije nianike ndagala, atasema mimi ni mwanawe aliyebaki. “Nenda sasa hivi, weye mujinga!” Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nimeshukuru. Lakini kuanika samaki, mtu aliyehitimu kwa sifa? Isitoshe, nimefikiri. Kamanda mpya lazima apende sanaa. Mapinduzi yote huhitaji tamthilia. Na Sabine yule, kwa jinsi anavyong’ata kile kitambaa, ana sauti ndani itakayofika Burundi. Kinachokosekana ni kibali chenye muhuri.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa kamanda kukiomba. Diplome nimeifuta vumbi. Tai ya bluu nimeipiga pasi.