KUH: Kijiti cha Oili ya Gia Ambacho Sikukikuta Garini

Kwa Meneja wa Huduma,
Upper Hill, Nairobi.

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi kutoka Kilimani, ambako sote tu wazima isipokuwa gari. Mimi ni Hemed, muuza vitambaa vya mapazia mjini, mume wa Mwanasha, na mteja wenu tangu mliponiuzia lile gari kubwa la rangi ya fedha, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe. Sina ugomvi na rangi. Sina ugomvi na viti pia, ambavyo hupasha mgongo joto bila kuombwa. Malalamiko yangu ni ya heshima, na nimeyapa nambari ili yasikuchoshe.

1. Wiki iliyopita gari lilianza kushtuka kila linapoondoka kwenye taa, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Mwanasha hulitumia kwenda kliniki huko huko Upper Hill kwa ajili ya goti lake, na aliniambia hapandi tena mpaka nijue lina nini. Jumamosi asubuhi nikavaa shati kuukuu, nikashika kitambaa safi, nikafungua boneti ili nivute kijiti cha oili ya gia, nikifute, nikirudishe, nikivute tena na kutazama, kama nilivyofanya kwa kila gari nililowahi kumiliki. Kijiti hakipo.

Jirani yangu Lazarus, mhasibu wa ghorofa ya tatu, alishuka kunisaidia. Tulitafuta mpaka chai aliyotuletea mkewe, Nanyama, ikapoa juu ya betri. Mwishowe akajipangusa mikono, akasema, "Mzee Hemed, hawa watu wameficha. Hii gari imefunikwa plastiki kila mahali kama sofa ya wageni." Lazarus ni mtu wa hesabu. Akisema hakuna, hakuna.

2. Nikapiga simu ofisini kwenu. Binti aitwaye Ivyne alinipokea kwa adabu, na naomba asiadhibiwe kwa yaliyofuata. Aliniambia, "Hiyo oili haiangaliwi, mzee. Ni ya maisha."

Nikamwuliza ni maisha ya nani, yangu au ya gari, maana mimi nina presha. Akaenda kuuliza, akarudi akasema ni ya gari. Nikamwuliza gari nalo hufa lini. Akaenda tena kuuliza, akakawia kidogo. "Wanasema ni oili ikiharibika," akanijibu. Nimeyatafakari majibu haya pamoja na wenzangu dukani, Ndugu Meneja, na hatujapata mlango wa kutokea.

3. Nikalipeleka Kinoo kwa fundi Kiarie. Kumbe kupima kupo, ila si kwa binadamu wa kawaida. Gari hunyanyuliwa juu likiwa limelala sawa pande zote, huku injini inanguruma. Kompyuta huchomekwa iseme kama oili imepata joto linalotakiwa, lisizidi wala lisipungue. Mtu hukaa ndani akikanyaga breki na kupitisha gia moja moja. Kisha boliti ya chini hufunguliwa, na oili ikichuruzika kidogo tu, basi imetosha. Mke wangu alipasuliwa goti kwa shughuli ndogo kuliko hiyo.

Ikachuruzika kidogo. Kiarie akafunga boliti. "Iko sawa, mzee. Gia haina shida." Nikamwomba nami nione kwa macho yangu. Akanionyesha sakafu.

Kuamini nisichokiona nimemwekea Mwenyezi Mungu peke yake. Kampuni yako, pamoja na heshima zake zote, haijafika daraja hilo.

4. Hili la mwisho ndilo zito. Jumapili alikuja shemeji yangu Abdulrauf, kaka yake Mwanasha, mwalimu wa madrasa huko mjini. Mimi na yeye si watu wa maneno mengi. Kila alipokuja, tukishakula, tulikuwa tukitoka pamoja kwenda kulitazama gari nililokuwa nalo. Mimi nikivuta kijiti, yeye akinusa oili, na macho yetu yakiwa kwenye injini tukiambizana mawili matatu bila kuonana uso. Ndivyo tulivyopendana miaka yote.

Jumapili hiyo tulifungua boneti, tukakuta plastiki, tukafunga. Tukabaki tumesimama, tunatazamana. Abdulrauf akakohoa. Halafu akaniambia kwamba tangu mkewe afariki huwa anapika wali wa mtu mmoja, na bado unamshinda kuumaliza. Sikuwa na kijiti. Sikuwa hata na kitambaa cha kushika. Ilibidi nimshike mkono, Ndugu Meneja, mchana kweupe, mbele ya askari wa geti. Tukakaa hivyo mpaka Mwanasha akatuita ndani, na sasa ameamua kwamba kaka yake atakula kwetu kila jioni. Mambo kama haya hayakuwahi kutokea katika familia yetu tulipokuwa na magari ya kawaida.

Kwa hayo yote, naomba mnifungie kijiti cha oili ya gia mara moja. Ikiwa mitambo hairuhusu, basi nifungieni cha bandia, kisichogusa chochote ndani, mradi kinavutika na kufutika; wekundu wa oili nitaupaka mwenyewe. Na ikiwa hata hicho ni kigumu, kampuni inipe mtu wa kusimama kati yangu na Abdulrauf baada ya chakula. Anaweza kuwa mtu yeyote, bora awe na kitu cha kutazamwa.

Nisalimie mafundi wote, Ivyne, na yule aliyekuwa akiulizwa na Ivyne huko ndani. Lazarus na Nanyama wanakusalimu. Mwanasha naye angekusalimu, ila hajui kama naandika.

Nabaki nikilisubiri jibu lako boneti ikiwa wazi,

Hemed
Mteja, Kilimani

Nyongeza: Mwanasha ameikuta barua hii mezani kabla sijaitia kwenye bahasha. Ameisoma yote, kisha akaniuliza kile kishikio cha manjano kilicho mbele kabisa ya injini ni cha nini. Ni cha kijiti cha oili ya injini. Ndicho nilichokuwa nikikisukuma kando siku zote hizi nikitafuta cha gia. Tumekivuta pamoja, kikatoka kikavu. Tumejaza oili, na leo amekwenda kliniki na kurudi, gari halijashtuka hata mara moja; kumbe ni injini iliyokuwa na kiu, si gia. Tafadhali msiniongezee kijiti kingine. Hiki kimoja kimenishinda.