Boila ya Bi Saadet na Chai Iliyopoa

Baridi ya kwanza ilipoingia Kayseri, mji wa Uturuki, Nevzat aliipokea kama mkulima anavyopokea mvua. Mwezi wa kumi na moja ndipo boila za gesi za kupasha nyumba joto, zilizolala ukutani tangu watu walipovua masweta, huamshwa ghafla na kukataa kuamka. Na mwenye nyumba ambaye meno yanamgongana hamwulizi fundi cheti.

Nevzat hakuwa na cheti. Alikuwa na ovaroli ya bluu, beji yenye picha yake akitabasamu, na uso wa daktari anayeleta habari mbaya. Ufundi wenyewe aliujua vizuri, alijifunza miaka miwili kwa fundi mmoja mwaminifu. Fundi huyo mpaka leo anapanda ngazi za watu na magoti mabovu, na Nevzat aliona funzo hilo linamtosha.

Safari hii alikuwa na haraka. Jumamosi mdogo wake, Songül, anaolewa, na kwenye harusi za huko zawadi haijifichi ndani ya bahasha. Mtu anasimama na kipaza sauti, anataja jina lako na idadi ya sarafu za dhahabu unazombandika bibi harusi kifuani, ukumbi mzima ukisikia. Baba yao alikwisha kufariki. Watu wangemtazama kaka, na kaka hakuwa na sarafu hata moja.

Basi Alhamisi asubuhi akabonyeza kengele ghorofa ya nne, kwa mjane aitwaye Bi Saadet.

"Ukaguzi wa boila, mama. Jengo zima."

"Mungu kakuleta, mwanangu. Yangu iko kimya tangu asubuhi. Vua viatu, vaa hivi."

Akapewa ndala za waridi zenye manyoya, saizi ya mtoto wa darasa la tano. Alipopita sebuleni moyo ukamruka. Wanawake kumi na mmoja, majirani wa jengo hilohilo, walikuwa wameketi na bilauri za chai. Ilikuwa siku ya dhahabu: kila mwezi kila mmoja huleta sarafu yake, na mwenye zamu huzoa zote.

Jikoni, kioo cha boila kilikuwa cheusi. Jicho moja lilimtosha Nevzat. Waya wa boila ulikuwa unaning'inia, na kwenye soketi yake palichomekwa samovari ya umeme inayochemsha chai ya wageni. Ugonjwa wote ndio huo. Akafungua kifuniko cha boila, akatikisa kichwa, akashusha pumzi ndefu kama aliyesimama kaburini.

"Mama, ubongo wa mashine umeungua."

"Uuu. Unapona?"

"Kwa mwingine, hapana. Kwangu, nipe dakika tano na usiingie. Kuna mionzi."

Bi Saadet alipotoka, Nevzat akachomoa samovari, akachomeka boila, akafuta vumbi kwa marashi ya limau yaliyokuwa dirishani, kisha akakaa akila kipande cha pastırma, nyama kavu ya viungo, alichokikuta kwenye sahani. Boila ikanguruma.

"Nimeweka ubongo mpya," alitangaza mlangoni mwa sebule. "Na kwa kuwa boila zenu zote zilifungwa ukutani mwaka uleule, akina mama, sina budi kusema ukweli. Ubongo wa zote uko njiani kuungua."

"Unataka ngapi?" aliuliza Bi Perihan wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye wauza mboga wakimwona kwa mbali huanza kupunguza bei wenyewe.

"Sarafu moja kwa kila boila."

"Kwa bei hiyo ubongo huo umesoma chuo gani?"

Kabla hajajibu, mtu akalalamika kutoka kwenye kochi, "Saadet, mbona chai imepoa?"

Bi Saadet akaenda jikoni. Akaitazama samovari, akaitazama soketi. Nevzat, pale mlangoni, hakuona la kuogopa. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Tumpe, jamani. Kijana ana mkono mwepesi. Ila nyumba zote kwanza, malipo mwisho. Viatu vyako nimeviweka mahali pakavu, mwanangu."

Nje theluji ilikuwa imeanza. Ndala zilikuwa za waridi. Nevzat akakubali.

Siku hiyo alifanya kazi kuliko miaka yake yote ya utapeli. Kila jikoni wanawake wawili walimsimamia kichwani, mmoja akiuliza, Bi Perihan akiandika daftarini.

"Hicho nini?"

"Mshale wa presha. Umeshuka chini ya moja."

"Na dawa yake?"

"Unafungua kibomba hiki cha chini, maji yaingie mpaka moja na nusu, unafunga."

"Andika, Perihan. Na hili bamba la kupasha chumba, mbona juu baridi, chini moto?"

"Hewa imenasa. Unalegeza skrubu hii mpaka iache kupiga mluzi."

Alisafisha vichujio, akabadilisha betri za vidhibiti joto, akapanda na kushuka mpaka magoti yake yakaanza kufanana na ya yule fundi mwaminifu. Alipokunywa chai ya nane wakamwuliza habari za kwao, akawaambia neno pekee la kweli alilosema juu yake mwenyewe siku hiyo: mdogo wake anaolewa Jumamosi.

Alasiri wakamrudishia viatu, na kifuko chenye sarafu kumi na mbili zenye utepe mwekundu wa kubandikia.

Sonara aliyepelekewa kifuko hakuhitaji hata kupima. "Kumi na moja za bandia," alisema. "Hizi ndizo mashemeji wabahili hupeleka harusini. Kila nyumba hapa ina moja chini ya kabati. Hii moja ya kweli. Na kuna karatasi."

Karatasi ilitoka kwa Bi Saadet: *Mwanangu, samovari niliichomeka mwenyewe. Boila iliyopona dakika ileile chai ilipopoa haikuwa na ugonjwa. Ubongo hatukuulipia. Kazi ya mikono yako tumeilipia, sarafu moja ya halali. Mbandike bibi harusi, na useme umeitolea jasho, maana umeitolea.*

Jumamosi mwenye kipaza sauti akatangaza, "Kutoka kwa kaka wa bibi harusi, moja." Nevzat akaibandika. Songül akaigusa, akaigeuza, akamnong'oneza, "Ya kweli? Kaka, umeipata wapi?"

"Nimefanya kazi."

Songül akacheka mpaka shela ikamwanguka, kisha akamtazama usoni na kuacha kucheka.

Mama mkwe wa bibi harusi akasogea, akamshika Nevzat mkono. "Nasikia wewe ni fundi. Boila ya nyumba ya maharusi imezima tangu asubuhi, na wageni wamejaa kule."

Nevzat alikuwa amekwisha kuutayarisha ule uso wa daktari. Akaurudisha ulikotoka.

"Kwanza niambie, mama," alisema. "Chai ya wageni mnachemshia wapi?"