Karai, Chepe na Safari ya Ziwani

Jumatano, 6 Agosti 2025. Runzewe.
Raudha fundi cherehani amekubali! Jumamosi tutapanda mlima Nyabusanze kuona lile ziwa dogo la juu. Mimi, yeye, na rafiki yake Nelly wa kumsindikiza. Kule juu nitamwomba ruhusa ya kwenda kujitambulisha kwa mjomba wake. Maneno nimeshayapanga. Tatizo ni Yasini. Ana pikipiki mpya, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na anapotabasamu wasichana wanasahau walichokuwa wanasema. Akisikia atajialika. Kwa hiyo ni siri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Nimefunga kibanda cha kava za simu mapema. Nyama ya mbuzi ipo. Nimekwenda kwa Mama Masalu, muuza chapati, kuazima karai la kukaangia, na chepe la kuchimbia shimo la moto, maana mlimani kuna upepo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza safari ya wapi. Nikasema Kolandoto, hospitali, kumwona mgonjwa. Akatazama karai. Akatazama chepe. Akasema Mungu amponye. Nikamsihi asimwambie mtu, akaapa. Mama mwelewa sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Tuliondoka alfajiri kwa njia ya nyuma. Nelly akauliza kwa nini tunanyata kama wezi wa kuku. Nikamwambia huku ndiko kuna mandhari.
Katikati ya mlima Raudha akageuka, akauliza wale ni akina nani. Msururu wa watu. Sululu, machepe, madumu ya maji, mama mmoja na beseni la maandazi. Mbele kabisa, Yasini!
Ndipo akili iliponirudia. Huku kwetu mtu akibeba karai na chepe, halafu akadanganya anakokwenda, basi ameona dhahabu. Haulizwi tena. Anafuatwa.
Nikapanda juu ya jiwe nikawaeleza kwamba tumekuja kuangalia ziwa tu. Walicheka sana. Mzee Mabula, mmoja wao, akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu, akasema mtu mzima hapandi mlima kuangalia maji. Wakatufuata mpaka ziwani, na kila nilivyokana, ndivyo walivyochimba. Yasini alijipimia eneo palepale nilipochimba shimo la moto wa nyama.
Raudha alicheka mpaka akakaa chini. Maneno yangu yote yalipotea. Nikamwomba hivyohivyo, nikipiga kelele kushinda sululu. Akasema sawa, Jumamosi ijayo adhuhuri, ila mjomba wake hapangi siku mara mbili. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumatano, 13 Agosti
Shati nimelipiga pasi. Mjini vijana hakuna, wote wako mlimani chini ya maturubai. Hata Mama Masalu kahamishia chapati huko. Nawahurumia. Wajinga ndio waliwao.
Ila Yasini naye hajashuka. Yasini si mjinga kiasi hicho.

Ijumaa, 15 Agosti
Mzee Mabula amekuja kibandani kununua tochi. Nikamwuliza wamepata nini. Akasema hakuna kitu kule, mawe matupu. Akatazama pembeni.
Hakuna kitu! Ndivyo anavyosema mtu aliyepata! Na shimo lile nililianzisha mimi, kwa mkono wangu.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika nikiwa njiani kupanda mlima, nimekaa kwenye jiwe kupumzisha miguu. Asubuhi nilimtumia Raudha ujumbe kwamba malaria imenilaza, mjomba anivumilie kidogo. Jibu limeingia sasa hivi. Anasema pole. Anasema Yasini alishuka jana jioni, kachoka na mawe matupu, kaoga, kavaa kanzu, na hivi sasa yuko sebuleni na mjomba, wamefika chai ya pili na wanaelewana sana.
Alhamdulillahi. Kumbe shimo halina mtu! Ngoja nikaze mwendo kabla hajashtuka.